Kadi Zangu Kwenye Droo za Mahakama

Jumamosi iliyopita nilistaafu. Nina miaka kumi na minane, na najua mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha tu. Lakini Graham, msimamizi wetu wa kumbukumbu, alileta keki yenye neno hilo juu yake, watu wakacheka, nami nikaona haya hata nikala kipande changu nimejibanza kando ya mashine ya kunakili. Kisha akaniomba niwaandikie watakaokuja baada yangu. Alitaka ukurasa mmoja wa Kiingereza. Huo nimempa.

Huu mrefu ni wenu, nyinyi wawili mnaotoka darasa la Kiswahili la Woolwich. Nimeambiwa mtaanza mwezi ujao. Mimi kusema siwezi, ila kuandika naweza, daftari langu la kila siku ni shahidi. Naandika kwa sababu kosa nililolifanya mimi pale, Mwingereza hawezi kulifanya hata akitaka. Nyinyi mnaweza.

Kazi yenyewe ni hii. Ghala la chini la jengo letu la kumbukumbu lina maboksi ya mahakama moja ya kaunti ya hapa London iliyofungwa zamani, pamoja na makaratasi ya halmashauri za mitaa ile. Msitegemee mauaji. Ni kesi za mwenye nyumba na mpangaji, ua uliosogea futi moja kwa jirani, piano iliyonunuliwa ikakutwa haina sauti. Faili nyingi ziliteketezwa mahakama ilipofungwa, zikabaki chache. Sisi wa Jumamosi tunafungua boksi, tunasoma kila faili, tunaandika kadi yenye jina la mtu na namba ya boksi, kisha tunaipanga kadi kwenye droo kwa alfabeti. Mtu akija kutafuta kesi yake, droo ndiyo inayomjibu. Kadi ikiwamo, faili lipo. Kadi isipokuwamo, anaambiwa faili liliteketezwa, pole sana.

Shikeni hapo.

Siku ya kwanza nililizunguka jengo lile mara nne kabla ya kuingia. Mama, ambaye ni muuguzi na hana muda wa kuzunguka majengo, ndiye aliyejaza fomu yangu, akaandika kwamba mimi ni mtu wa kuzungumza na watu. Sijui alikuwa anamfikiria nani. Mara ya nne mlango ukafunguliwa na mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Wewe ni wa kuingia au wa kuzunguka?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikamwonyesha barua yangu. Akasoma jina, Mwanaidi Shee, akabadilisha lugha pale pale.

"Kumbe ni mtu wa Pwani. Ingia, dada. Maboksi hayaumi."

Huyo ndiye Wekesa, mtunza ghala. Ni mtu wa Bungoma, na kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya wazee. Husema tofauti ni ndogo, wote wanataka kuinuliwa taratibu na kurudishwa mahali pao. Yeye ndiye aliyenifundisha kubeba boksi kwa kulikinga chini, kamwe msilivute kwa mfuniko. Mfuniko ukichomoka, makaratasi yako sakafuni, na ya mahakama hayakuandikwa namba za kurasa.

Mengine nilifundishwa na Graham. Kalamu ya wino haiingii chumbani, penseli tu. Glavu nyeupe ni za kwenye filamu, sisi tunanawa mikono na kuikausha vizuri. Msilambe kidole kufungua ukurasa, hata kama bibi zenu hufanya hivyo. Pini yenye kutu haivutwi. Telezesha kipande cha plastiki chini yake, uinyanyue kama unaondoa kigaga kwenye kidonda cha mtu mwingine. Utepe wa pamba hufungwa kwa kitanzi cha kufunguka, si kwa fundo. Boksi moja tu mezani. Na kila faili linapotoka, kikaratasi kinabaki mahali pake kikisema nani kalichukua.

Mambo hayo yote aliyaeleza kwa saa nzima. Suala la kadi alilieleza kwa sentensi moja.

"Juu kushoto," alisema, "anza na jina la mtu."

Alimaanisha jina la ukoo, lile la mwisho. Hakusema hivyo, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kusemwa, kama vile nyinyi msivyomwambia mgeni kwamba chai inanywewa mdomoni.

Majina ya Kiingereza hayakunisumbua. Nilifuata kadi zilizokuwapo. Wiki ya tatu nikafungua faili la mwenye nyumba aliyemshtaki mpangaji wake kwa kupika samaki chumbani kwa jiko la mafuta ya taa. Mpangaji aliitwa Rukia Athumani. Karani wa mahakama alikuwa ameandika kwa mkono mzuri sana, juu ya jalada: Athumani.

Nikakaa naye hapo muda mrefu. Mnajua kwa nini. Kliniki hapa London wananiita Shee, shuleni Shee, hata kwenye kadi ya maktaba Shee imetangulia. Shee ni baba yangu. Yuko Mombasa anauza vipuri vya pikipiki. Kila muuguzi akiita jina hilo, kabla sijasimama, kwa nukta moja nahisi baba ameingia mlangoni. Nikamwangalia huyu Rukia nikasema moyoni, Athumani hakushtakiwa na mtu. Athumani huenda hakuijua London hata kwa picha. Aliyepika samaki ni Rukia.

Nikaandika Rukia juu kushoto, nikaiweka kadi kwenye droo ya R.

Ningeweza kuuliza. Meza ya Graham ilikuwa hatua kumi na moja kutoka yangu, nilikuwa nimezihesabu. Lakini kuuliza kunataka uvuke chumba watu wakikutazama. Na niseme ukweli wote, sikutaka kuuliza. Nilijiona nimemtendea haki mtu ambaye mahakama ilimkosea. Tangu siku hiyo kila jina la kwetu nililolikuta, la Lamu, Unguja, Mombasa, Tanga, nililiweka chini ya mwenyewe badala ya baba yake. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya siri. Sehemu hiyo ndiyo inayoniunguza hadi leo, ile furaha.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo.

Kisha Jumamosi moja ya baridi akaja bibi mwenye mkongojo, amevaa buibui, koti zito juu ya buibui, na mfuko wa plastiki wa duka umejaa makaratasi. Wekesa alimkalisha kwenye kiti kilicho karibu na meza yangu kwa sababu ndiyo meza iliyo karibu na kipasha joto. Graham akachukua jina lake akaenda kwenye droo. Bibi akanigeukia.

"Weye mwanangu, wajua Kiswahili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wa nani?"

"Wa Shee," nikasema, kwa sauti ambayo sidhani ilifika.

"Shee ni wengi," akasema. "Haya. Mimi Rukia."

Nadhani moyo wangu ulijua kabla yangu. Yeye akaendelea kuzungumza, jinsi watu wazima wanavyozungumza wakiwa na wasiwasi, wakiangalia mahali pengine. Alikuja huku msichana, yaya wa familia moja ya Kihindi ya Mombasa iliyohamia Kenton, hapa London. Akalea watoto wao, wakakua, akapanga chumba chake, akaolewa, akazaa, mume akafa. Hakuwahi kusafiri. Pasi ya zamani ilipotea katika kuhama, naye hakuona ya nini kutafuta nyingine.

"Sasa n'na dada yangu Mombasa, yu kitandani," alisema. "Nataka nikamwone angali ananijua. Lakini nikitoka bila karatasi sitarejea, na wanangu na wajukuu wote wako huku. Wakili ataka kitu cha miaka ile, kabla ya sheria ya wageni kubadilika, chenye jina langu. Nimetafuta, sina. Nikakumbuka nilishtakiwa." Akacheka kidogo. "Mara ya kwanza nashukuru kushtakiwa. Nendako ni Croydon, Jumanne, kwa huyo wakili."

Graham akarudi mikono mitupu. Alikuwa ameinama kidogo, anavyofanya akiwa na habari mbaya.

"Nimetafuta chini ya Athumani, na kila namna ambayo karani angeweza kuliandika," alisema. "Hakuna. Ninasikitika sana. Nyingi ziliteketezwa."

Droo ya R ilikuwa nyuma ya kiwiko chake.

Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, angalia kwenye R, na mtoto wa miaka mitatu angeyasema. Lakini nyuma ya maneno hayo nikaliona lile lingine. Kama huyu anaambiwa hakuna kwa sababu yangu, je, miezi hii yote wangapi wengine wameambiwa hivyo hivyo wakaondoka? Nikaona kadi zangu zote kwa pamoja, mwandiko wangu mzuri.

Bi Rukia akakunja mfuko wake mara mbili. "Mambo ya Mungu," akasema. Akaandika anwani na namba ya simu kwenye daftari la wageni kama alivyoombwa, taratibu, akainuka.

Nilimshikia mlango. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku ile. Nilimfungulia mlango atoke.

Kisha nikafungua droo. Rukia Athumani, boksi namba fulani, samaki, jiko la mafuta ya taa. Nikaifunga droo. Graham alikuwa kwenye simu, halafu alikuwa anakula, halafu ilikuwa saa ya kufunga. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Kwenye treni ya kurudi Woolwich niliandaa sentensi. Niliandaa tisa, nazo zimo kwenye daftari langu, zote mbaya. Jumapili Mama aliniona nimeusukuma ugali pembeni.

"Una nini?"

"Hakuna," nikasema. Ndilo neno lile lile alilopewa Bi Rukia, nikalisikia likitoka mdomoni mwangu.

Ile kazi yetu ni ya Jumamosi, na wakili ni Jumanne. Jumatatu asubuhi nilivaa sare, nikaaga kama kawaida, nikashuka kituo ambacho si cha shule. Kwa wasomaji tunafunga Jumatatu. Nikaenda mlango wa nyuma, wa kuingizia maboksi. Safari hii sikuzunguka jengo. Wekesa alikuwa pale anakunja makasha.

"Leo si Jumamosi," akasema.

"Najua, Anko."

"Na shule?"

"Nina somo la historia."

Akaniangalia vizuri. Sijui aliona nini, maana aliweka kasha chini. "Basi uko darasani," akasema. "Pita."

Graham alikuwa mezani. Nilivuka hatua zile kumi na moja nikafika na sentensi zote tisa zimenitoka. Nikasimama. Akasubiri. Ana subira ya mtu anayeishi na makaratasi. Mwishowe nikachukua fomu ya ombi, ile ile ambayo wasomaji hujaza wakitaka faili, nikaijaza pale mbele yake kwa penseli. Jina la mwombaji, Mwanaidi Shee. Namba ya boksi. Jina la kesi. Penye sababu ya ombi, ambapo watu huandika utafiti wa familia, niliandika: Lipo. Niliweka kadi chini ya jina lake mwenyewe. Zote za watu wetu nimeziweka hivyo.

Alisoma. Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa, akasoma tena.

"Ulijua Jumamosi," alisema. "Akiwa hapa."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu. Akasema tena, "Ile sentensi ya kadi ilikuwa yangu, na ilikuwa fupi mno. Hiyo nabeba mimi. Ya Jumamosi ni yako."

"Ndiyo."

"Zingine ngapi?"

"Sijui," nikasema, na hapo ndipo nilipolia, kwa aibu yangu kubwa, mbali na makaratasi kama tulivyofundishwa.

Wekesa alileta boksi amelikinga kwa chini. Faili lilikuwapo, utepe wake na kitanzi changu. Graham alimpigia Bi Rukia mara mbili, simu haikupokewa. "Labda hapokei namba asiyoijua," akasema, akanisogezea simu. Mimi huwa siwezi hata kuagiza chakula kwa simu. Mara ya tatu ikapokewa.

"Nani?"

"Mwanaidi, Bi Rukia. Yule msichana wa karibu na kipasha joto."

"Wa Shee?"

"Wa Shee. Faili lako limeonekana. Lilikuwapo. Mimi ndiye niliyeliweka vibaya, ile kadi, na Jumamosi nilijua, sikusema."

Nilisikia televisheni ya mtu nyuma yake.

"Mwafunga saa ngapi?" akauliza.

Alifika mchana na mjukuu wake akimshika mkono. Kwa kuwa kesi ilikuwa yake mwenyewe, Graham alimruhusu kulifungua jalada. Ndani kulikuwa na wito wa mahakama wenye jina lake na anwani ya chumba, kitabu cha upangaji chenye jina lile lile, barua ya bwana afya wa halmashauri aliyekwenda kunusa chumba, na maelezo yake kwa jaji, ukurasa mzima. Bi Rukia alisema ulipigwa taipu na mwenye duka wa Kenton aliyemhurumia. Chini palikuwa na sahihi ya msichana anayejifunza kuandika. Akaigusa kwa ncha ya kidole. Graham akafungua mdomo kumkataza, akaufunga.

"Nisomee," Bi Rukia akaniambia. "Kwa Kiswahili."

Nikamsomea, nikitafsiri polepole. Mimi mpangaji sijawahi hata siku moja kupika samaki chumbani. Mwenye nyumba ananusa harufu ya jirani.

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, hadi mjukuu akaogopa.

"Nilimpika," akasema. "Papa, mwanangu. Papa mkavu, kaletwa na mtu kutoka nyumbani, kazungushwa magazeti saba. Hata miye mwenyewe pumzi zilinitoka. Mzungu wa watu alisema kweli, mimi nikamwapia jaji uongo, nikashinda." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Miaka hamsini ndiyo hii, na ushei, sijamwambia mtu. Hata marehemu mume wangu."

Kisha akaniangalia, bila kucheka sasa. "Weye siku mbili tu hukuweza kuficha. Si kitu. Lakini siku nyengine, mtu akiwa mlangoni, sema. Hata kwa makosa, sema. Mimi nilishuka ngazi zile nikijiambia basi, dada yangu nitamwona peponi."

Graham akanakili kila ukurasa, akagonga muhuri kila nakala, na Jumanne zikaenda Croydon.

Ilichukua miezi. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi, wakili alitaka na mengine ya shule za watoto. Lakini karatasi ilitoka. Bi Rukia alikwenda Mombasa, akakaa na dada yake wiki saba, akamzika, akarudi. Aliniletea mtandio na kipande cha papa mkavu kilichofungwa vizuri sana. Wekesa alitaka kukiweka ghalani. Graham alisema kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi anaelewa upande wa mwenye nyumba.

Sehemu iliyobaki ya kazi yangu haikuwa na vichekesho. Nilizipitia droo zote, kadi kwa kadi. Kila jina la kwetu sasa lina kadi mbili, moja chini ya jina la mwisho, jinsi mahakama ilivyoliweka, na moja chini ya mwenyewe, inayosema tazama kule. Hiyo ndiyo desturi mtakayoikuta, na msiiache hata kama inachosha. Kisha tukashusha madaftari ya wageni ya miezi yangu yote, tukatafuta walioulizia majina yale wakaambiwa hakuna. Walikuwa sita, pamoja na Bi Rukia. Niliwaandikia watano waliobaki kwa mkono wangu, Graham akatia sahihi chini ya yangu. Watatu walikuja. Wa nne alikuwa amefariki. Binti yake alikuja, akasoma faili lote amesimama, akasema asante, akaondoka bila nakala. Huyo bado namfikiria nikiwa kwenye treni.

Barua ya tano ilirudi haijafunguliwa. Mtu amehama. Nimeandika tena mara mbili, na Wekesa ameulizia kwa watu wake. Faili liko ghalani, boksi la tatu kutoka mlangoni, halijaguswa.

Bahasha hiyo iliyorudi mtaikuta kwenye droo ya juu ya meza iliyo karibu na kipasha joto. Anayetafutwa aliambiwa hakuna akaondoka, kwa hiyo huenda asirudi. Lakini akirudi, atakuwa mzee, na huenda akaanza kwa kusema jina la karatasi, lile la mwisho. Msikimbilie droo. Mpeni kiti kwanza, mmuulize yeye anaitwa nani. Anaitwa Saidi. Fundi ni baba yake.